Ada ya Dume: Namna ya Kupatana Kabla Mbwa Hawajapandana

Mbwa wakishapandana, kazi yao imekwisha ndani ya saa moja. Ya wenye mbwa ndiyo huanza hapo, na huanza kimyakimya: hakuna aliyeuliza swali gumu, watu walipeana mikono getini, M-Pesa ikaingia, kila mtu akaenda zake. Wiki tisa baadaye jike amezaa mtoto mmoja, au hakuzaa kabisa, na simu zinaanza kupigwa. Ukisikiliza pande zote mbili mara nyingi utakuta hakuna aliyedanganya. Mwenye dume aliuza huduma ya kupandisha, mwenye jike akaamini amenunua watoto. Ni bidhaa mbili, na zina bei mbili.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu wa kazi yenyewe, na nyingi zinatakiwa ziishe kabla jike hajaingia kwenye joto, yaani kipindi chake cha kupandwa. Mifano ninachukua kwa German Shepherd, kwa kuwa ndiye mbwa wa nasaba ninayemfahamu zaidi na ndiye anayebweka nyuma ya mageti mengi ya Nairobi, lakini mwenye Rottweiler au Boerboel hatapotea.

Hatua ya 1: Uliza kwanza kama dume anastahili kulipiwa

Cheti cha usajili ni mwanzo tu. Kwa Kenya hutolewa na East Africa Kennel Club, na kinakueleza mbwa ni nani na wazazi wake ni akina nani. Hakikuelezi kama nyonga zake ni nzima, na nyonga ndizo zinazomrudisha mteja kwako akiwa na hasira.

Ugonjwa wa nyonga, yaani kichwa cha mfupa wa paja kutokaa sawasawa katika tundu lake, hurithiwa, na mbwa wakubwa karibu wote wamo hatarini. Mbwa mchanga anaweza kukimbia na kuruka bila kuonyesha lolote. Unaonekana kwa eksirei, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, na picha ikasomwa na mtu anayejua kuisoma. Mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lenye makao Ubelgiji, hupanga nyonga kuanzia A ambayo ni nzima hadi E ambayo ni mbovu kabisa. OFA, taasisi ya Marekani inayotoa vyeti vya nyonga za mbwa, haitoi cheti cha kudumu kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Na SV, klabu mama ya German Shepherd kule Ujerumani, hairuhusu dume kupandisha kabla ya miezi 24 wala jike kupandishwa kabla ya miezi 20. Kwa hiyo anayekutangazia dume wa miezi kumi na moja kuwa "yuko tayari" anakuuzia kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakijui.

Kwa German Shepherd ongeza kipimo cha DNA cha ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaolegeza miguu ya nyuma uzeeni, ambao watu wengi huudhania kuwa ni nyonga. Jeni yake inaitwa SOD1. Mbwa mwenye nakala moja mbovu haumwi na anaweza kutumika, mradi mwenzake awe safi kabisa. Wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila mtoto atakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kurithi nakala mbili mbovu. Mwenye jike ana haki ya kulijua hili kabla ya kulipa.

Halafu magonjwa ya kupandana yenyewe. Brusela ya mbwa, ugonjwa wa bakteria, huambukizwa kwa kupandana na kwa majimaji ya kuharibika kwa mimba. Jike huonekana mzima, kisha mimba inatoka baada ya siku ya 45 hivi. Dawa za antibiotiki haziaminiki kuimaliza, kwa hiyo mbwa aliyethibitishwa kuwa nayo huondolewa kwenye uzalishaji moja kwa moja. Binadamu pia huipata, kwa hiyo anayezalisha jike wake kwa mikono mitupu ajihadhari. La pili ni ule uvimbe wa sehemu za siri ambao chembe zake huhama zikiwa hai kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Umeenea mahali penye mbwa koko wengi wanaozurura, yaani mitaa yetu mingi. Uvimbe huo huvuja damu, na kwa jike mtu anaweza kudhani ni damu ya joto. Hutibika kwa sindano za kila wiki za vinkristini, dawa ya saratani, lakini mbwa asiguse mwenzake mpaka amepona.

Jambo la mwisho kwa dume ni mbegu zake. Mbegu huchukua siku 60 hivi kutengenezwa mwilini, hivyo dume aliyeugua homa kali ya kupe mwezi uliopita anaweza kupanda vizuri kabisa na asizalishe. Daktari wa mifugo akimkamua na kuangalia mbegu kwa hadubini, unapata jibu siku hiyohiyo. Kama dume wako hajapata watoto kwa miezi mingi, kipimo hiki kifanyike kwa gharama yako, kabla hujapokea senti ya mtu.

Hatua ya 2: Weka bei unayoweza kuieleza

Desturi iliyozoeleka duniani ni kwamba ada ya dume hulingana na bei ya mtoto mmoja wa uzao ule, aliye na karatasi. Haikuandikwa mahali kama sheria, lakini ina mantiki: bei ya mtoto sokoni inakwenda na ubora wa wazazi, na mwenye jike anaweza kupima mara moja kama hesabu yake itatoka.

Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme watoto wa aina yenu huuzwa shilingi 50,000 kila mmoja. Jike akizaa sita, mapato ni 300,000, na ada ya 50,000 ni sehemu moja ya sita. Akizaa watatu, ada ileile imekuwa theluthi moja ya mapato, na bado kuna chakula cha jike, chanjo, dawa ya minyoo, usajili, na pengine upasuaji wa usiku wa manane. Utaona hapo kwamba ada isiyobadilika inamwachia mwenye jike hatari yote. Si dhuluma, maana mwenye dume hana usemi katika malezi ya mimba, lakini ni lazima wote wawili walione kabla ya kupeana mikono.

Kutoka kwenye bei hiyo ya msingi unapanda au kushuka. Dume mchanga ambaye hajazalisha bado hutozwa nusu, au hulipiwa baada ya watoto kuzaliwa, na mwenye dume mwenye akili hulipenda hilo kwa sababu uzao wa kwanza ndio unaomtangaza. Nyonga zilizosomwa rasmi na DNA safi vinapandisha bei. Vyeo vya maonyesho au vya kazi, vilivyo kwenye karatasi, vinapandisha. Watoto wake waliokwisha kukua wakiwa na nyonga nzima na tabia tulivu vinapandisha kuliko vyote, na hapa mteja aombe kuwaona, angalau wawili. Kichwa kikubwa kwenye picha ya WhatsApp hakipandishi chochote. Wala neno "wa kutoka nje" peke yake. Mbwa mbovu naye hupanda ndege.

Amua pia ada inafunika nini. Kawaida ada moja hufunika kupandana mara mbili katika joto moja, kwa kuachana siku mbili hivi. Malazi ya jike kwa mwenye dume, vipimo vyake na usafiri wake huwa nje ya ada. Liseme, maana usiposema, mwenzako atahesabu kwamba kila kitu kimo.

Hatua ya 3: Chagueni namna ya kulipa

Fedha taslimu siku ya kupandana ndiyo njia safi kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wasiofahamiana. Kila mmoja anaondoka akijua alichopata.

Njia ya pili ni kugawa: nusu siku ya kupandana, nusu watoto wakizaliwa, au nusu ya pili ikifutwa kama watoto hai ni chini ya watatu. Hii inagawana hatari, na kwa jike mwenye umri mkubwa au anayezaa kwa mara ya kwanza ninaiona ya haki. Udhaifu wake ni kwamba mwenye dume anategemea kuambiwa ukweli kuhusu idadi. Dawa yake ni eksirei baada ya siku ya 55 ya mimba, wakati mifupa ya watoto imeshakuwa migumu na vichwa vinahesabika, na nakala ya picha apewe yeye pia.

Njia ya tatu, ya kulipwa mtoto badala ya fedha, ndiyo watu wengi wanaipenda na ndiyo inayovunja urafiki. Kwenye simu inasikika rahisi: "Nitachukua mmoja tu." Yupi? Lini? Kanuni za FCI za uzalishaji zinataka makubaliano ya namna hii yaandikwe kabla ya kupandana na yajibu maswali yanayojulikana: mwenye dume atachagua siku gani, atamchukua mtoto lini, haki yake ya kuchagua inakufa lini asipofika, nani analipa usafiri, na itakuwaje wote wakizaliwa wafu, akizaliwa mmoja tu aliye hai, au mtoto aliyechaguliwa akifa kabla ya kuchukuliwa. Ni dhahiri kila swali hapo lilitokana na ugomvi wa watu fulani.

Majibu ninayoyaona yana uwiano ni haya. Uchaguzi ufanyike watoto wakiwa na wiki saba, kwani kabla ya hapo unachagua rangi tu. Mtoto aondoke baada ya wiki nane, akiwa na chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo kwa gharama ya mwenye jike. Siku saba zikipita baada ya siku ya kuchagua bila mwenye dume kufika wala kupiga simu, mwenye jike anamchagulia. Akizaliwa mmoja tu, abaki kwa mwenye jike, na mwenye dume alipwe nusu ya ada kwa fedha. Na andikeni kama chaguo ni la kwanza au la pili. Mwenye jike mara nyingi anazalisha ili abaki na jike bora kwa ajili ya ukoo wake. Ukimpa mwenzako chaguo la kwanza huku una nia ya kumficha yule bora, mtagombana wiki ya saba badala ya leo.

Kuna na wale wanaopendekeza umiliki wa pamoja wa watoto wote, asilimia hii na hii. Kwa ndugu wa tumbo moja labda. Kwa wengine siushauri.

Hatua ya 4: Gaweni mzigo

Kwa kawaida jike ndiye anayepelekwa kwa dume, kwa sababu dume akiwa nyumbani kwake hana wasiwasi na hafanyi kazi ya kunusa kila kona ya boma geni. Kuanzia hapo majukumu yanajigawa yenyewe kwa kiasi kikubwa.

Mwenye jike anabeba usafiri wa kwenda na kurudi, vipimo vya jike wake, na gharama zote za mimba, uzazi na malezi. Anawajibika kumleta jike aliyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na parvo (virusi vya kuhara vinavyoua watoto wa mbwa), asiye na kupe, na kumfungia vizuri siku zote za joto. Hilo la kufungia si adabu tu. Mbegu za dume huishi ndani ya jike siku tano hadi saba, na mayai hayaivi yote kwa saa moja, kwa hiyo jike aliyepandwa na dume wako Jumanne na akarukiwa na mbwa wa jirani Alhamisi anaweza kuzaa uzao mmoja wenye baba wawili. Karatasi zote za uzao huo zimeingia doa.

Mwenye dume anabeba ukweli wa nasaba na vipimo vya dume, mahali salama pa kupandishia, na kusimamia tendo lenyewe. Jike akiachwa kwake siku kadhaa, yeye ndiye mlezi. Kanuni za FCI ziko wazi hapa: jike akiuma mtu au kuharibu mali akiwa mikononi mwa mwenye dume, anayemtunza wakati huo ndiye anayewajibika, akipandwa na dume mwingine kwa bahati mbaya, mwenye dume lazima amjulishe mwenye jike na alipe gharama zote zilizotokana na hilo, akifa, mwenye dume anatakiwa kuleta daktari wa mifugo athibitishe kifo na sababu yake, na kumjulisha mwenye jike mara moja. Mwenye jike naye awe tayari kueleza kama jike wake ni mkali, anaogopa radi, au ana historia ya kuruka ua. Anayeficha hilo asishangae ua likirukwa.

Kuhusu jike kutoshika mimba, kanuni hizohizo zinasema tendo likishakamilika mwenye dume ametimiza kazi yake na ada ni halali yake. Hakuna dhamana ya mimba. Akiamua, anatoa kupandisha tena bure au anarudisha sehemu ya ada, na uamuzi huo unapaswa kuandikwa kabla. Kwa desturi, wenye madume wengi waadilifu hutoa kupandisha tena mara moja bila malipo kwenye joto linalofuata, kwa jike yuleyule. Mimi ningekataa mkataba usio na kipengele hicho, labda kama dume anapatikana kwa bei ya chini sana.

Hatua ya 5: Andikeni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hamhitaji wakili. Ukurasa mmoja, nakala mbili, sahihi mbili, na shahidi kama yupo. Lugha iwe ile mnayoielewa wote. Mnaweza kuanzia na maneno haya na kubadilisha mnavyotaka:

"Sisi, [jina na namba ya kitambulisho], mwenye dume [jina la usajili, namba ya usajili, namba ya mikrochipu], na [jina na namba ya kitambulisho], mwenye jike [jina la usajili, namba ya usajili, namba ya mikrochipu], tumekubaliana kupandisha mbwa hawa katika joto la [mwezi na mwaka].

Kila upande umeonyesha cheti cha usajili, matokeo ya nyonga, na kipimo cha brusela kilichofanywa ndani ya siku 30. Nakala zimeambatishwa.

Ada ni shilingi [kiasi], inayolipwa [siku na njia]. Ada inafunika kupandana mara mbili. Malazi ya jike ni shilingi [kiasi] kwa siku.

Jike asiposhika mimba, au akizaa mtoto hai mmoja tu au asizae aliye hai kabisa, mwenye dume atapandisha tena mara moja bila ada ndani ya miezi 12. Mwenye jike atatoa taarifa ya daktari wa mifugo ndani ya siku 75 tangu kupandana mara ya mwisho. Dume akiwa amekufa, ameuzwa au hawezi tena, nusu ya ada itarudishwa.

Jike hatapandwa na dume mwingine katika joto hili. Kukiwa na shaka ya baba, watoto watapimwa DNA. Gharama italipwa na upande ambao matokeo yanaukataa.

Mwenye dume atatia sahihi fomu ya usajili wa uzao ndani ya siku 7 baada ya kuletewa, mradi ada imekamilika."

Kipengele cha "mtoto hai mmoja" kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Bila kufafanua uzao ni nini, mmoja atasema mtoto mmoja ni uzao na mwingine atasema ni ajali. Wengine huhesabu watoto walio hai saa 24 baada ya kuzaliwa, wengine siku ya saba. Ninapendelea saa 24, kwa kuwa kifo cha siku ya tano mara nyingi kinatokana na baridi, uchafu au kulaliwa na mama, na hayo ni ya mwenye jike.

Cha mwisho kabisa, kuhusu sahihi ya fomu: mwenye dume anayekataa kutia sahihi baada ya kulipwa anawanyima watoto wa watu karatasi, na mwenye jike asiyemaliza kulipa hana haki ya kuidai. Viandikeni pamoja, katika sentensi moja, kama hapo juu. Lipeni kwa M-Pesa au benki ili kuwe na ushahidi, na mwandikiane ujumbe unaosema malipo ni ya nini. Mkifika pabaya, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huko karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kuanzia.

Hatua ya 6: Patieni siku

Jike akishindwa kushika mimba, kosa la kwanza la kulishuku ni siku. Joto huchukua wiki tatu hivi. Watu wanahesabu siku ya kumi na moja au ya kumi na tatu tangu damu ionekane, na kwa majike wengi inakubali, lakini kuna majike wanaotoa yai siku ya saba na wengine baada ya siku ya ishirini.

Kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda yai likikaribia kutoka, katika damu ndicho kinachoondoa kubahatisha. Anza siku ya tano au ya sita, rudia kila baada ya siku mbili. Kikifika nanogramu 2 hivi kwa mililita, yai limekaribia. Kikifika 5 hivi, limetoka. Yai la mbwa hutoka likiwa bichi na huhitaji siku mbili kuiva, ndiyo maana siku bora za kupandisha ni ya pili hadi ya nne baada ya hapo. Angalia kipimo cha maabara yako: nyingine huandika nanomoli kwa lita, na huko 5 yetu ni kama 16. Watu wamewahi kusafirisha jike siku isiyo yake kwa kusoma namba bila kipimo chake.

Gharama hii ni ya mwenye jike. Mwenye dume anayeijali kalenda yake anaweza kuifanya sharti: hakuna projesteroni, hakuna kurudia bure. Ni sharti la haki.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Pandisheni asubuhi mapema, hasa Mombasa na pwani nzima, kabla jua halijawa kali. Mbwa wasiwe wamekula. Wafahamishwe kwanza wakiwa na kamba, katika ua usio na watoto, majirani na mashabiki. Jike aliye tayari atasimama na kupindisha mkia pembeni. Anayeketi au kung'ata anakuambia siku bado, na hakuna ada inayostahili kumshikilia kwa nguvu.

Wakinasana, yaani dume akikwama ndani ya jike kwa muda, mwacheni ageuke, halafu washikeni wote wawili vichwa kwa upole. Dakika 15 hadi 20 ni kawaida, hata 45 hutokea. Msiwamwagie maji wala kuwavuta, maana mnaweza kumjeruhi dume vibaya. Andikeni saa ya kuanza na ya kuachana, pigeni video fupi inayoonyesha mbwa wote wawili na geti, wekeni kwenye simu zote mbili. Kutonasana hakumaanishi hakuna mimba, lakini kama hakukuwa na kunasana mara zote mbili, mwenye dume asiite ni kazi iliyokamilika.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Altrasaundi kati ya siku ya 25 na ya 30 itaonyesha mimba. Mwenye jike amtumie mwenye dume matokeo, mazuri au mabaya, siku hiyohiyo. Mimba inaweza kuonekana siku ya 28 na kufyonzwa na mwili baadaye bila dalili yoyote nje, ndiyo maana altrasaundi moja haitoshi kufunga hesabu ya mkataba. Uzazi huja siku 63 hivi baada ya yai kutoka. Ukihesabu kutoka siku ya kupandana, unaweza kuangukia popote kati ya 58 na 68.

Watoto wakizaliwa, mwenye dume aarifiwe idadi, jinsia, rangi na vifo ndani ya siku mbili au tatu. Akitaka kuja kuwaona, aje baada ya wiki ya tatu, asitoke kwenye banda lingine siku hiyo, na aache viatu nje. Parvo hutembea kwa viatu. Fomu ya usajili ijazwe mapema, isisubiri wateja waanze kuulizia karatasi.

Mwenye dume awe na daftari lake: tarehe za kupandisha, majike, vyeti vyao, idadi ya watoto, kasoro zilizoonekana, na namba za simu za wenye majike. Awapigie watu hao watoto wakiwa na mwaka mmoja na nusu, aulize nyonga na tabia. Mtoto mmoja mwenye nyonga mbovu anaweza kuwa wa bahati mbaya, au wa upande wa jike. Wakiwa watatu kutoka majike watatu tofauti, dume huyo hafai tena kutangazwa kwa ada yoyote, na wale waliokwisha kumlipa wanastahili kupigiwa simu na kuambiwa kabla hawajawapandisha watoto wake.